KUFUATA MISHONO NA KUWA NA VAZI LAKO MWENYEWE

Somo letu la safari hii halikutoka kitabuni. Lilitoka mdomoni mwa mzazi mmoja aliyekuja darasani baada ya sala ya Maghrib, katika mwezi wa Shaaban, akakaa nyuma karibu na mlango mpaka watu wakaanza kutawanyika, ndipo aliposogea mbele. Ni mtu wa kazi za bandarini, mwenye wana watatu wa kiume. Akasema, "Maalim, nina suala, lakini naona haya kuliuliza mbele za watu." Tukamwambia aulize bila ya haya. Akatueleza kwamba wanawe wote watatu wataka kanzu mpya za Idi, na kanzu wazitakazo ni za mshono uliotoka mwaka huu: zimebana kiunoni, kola yake imesimama, kifuani zimetiwa darizi ya rangi, na kitambaa chake chatoka Ghuba. Za mwaka jana na za mwaka juzi zimo kabatini, nzima, hazina hata tundu. Bei ya hizo tatu, alisema, yazidi kodi ya nyumba yake ya mwezi mzima, na mwenye duka amekubali kumkopesha. "Je, Maalim, hii si israfu?"

Kabla hatujafungua kinywa, mwanawe mkubwa, ambaye kumbe alikuwa amesimama barazani akisikiliza, aliingia akampa babake mkono, akasema kwa adabu: "Baba, niwie radhi. Kwani dini yakataza mtu kupendeza siku ya Idi?"

Wote wawili walikuwa na hoja, na kwa sababu hiyo hatukuweza kuwajibu kwa neno moja usiku ule. Tuliwaomba watupe muda, tukalifanya suala lao kuwa darasa la wiki tatu. Haya tuyaandikayo hapa ni machujo ya darasa hizo, na mwandishi ameongeza yake machache.

Twataka msomaji aione kwanza mipaka, kisha tuingie katika uwanja ulio ndani ya mipaka, maana aghalabu ya maneno yasemwayo vibarazani juu ya mavazi huchanganya vitu viwili hivyo. Mipaka ya mavazi ya mwanamume katika sharia si mingi. Uchi wake usitirike, nao kwetu sisi wafuasi wa Imamu Shafi ni baina ya kitovu na magoti. Asivae hariri wala dhahabu, ila palipo na udhuru, kama Mtume (s.a.w.) alivyowaruhusu Zubeir na Abdurrahman bin Auf kuvaa hariri kwa sababu ya mwasho. Asijifananishe na wanawake. Asiburure nguo kwa kiburi. Asifanye israfu. Na asivae nguo ya shuhra, yaani nguo avaayo mtu ili atazamwe na azungumzwe. Neno hili tutalirejea, kwani ndilo lisahauliwalo kuliko yote. Zaidi ya hayo, habari za mshono na kola, na vifungo na upana wa mikono, na kofia ya namna hii au ile, zimeachiwa watu na miji yao, na hali ya hewa yao, na mifuko yao.

Ushahidi wa hayo u wazi. Katika safari ya Tabuk, Mughira bin Shu'ba alimmiminia Mtume maji ya kutawadha, na Mtume alikuwa amevaa juba la Kishamu lenye mikono myembamba. Alipotaka kuosha mikono yake, mikono ya juba haikupanda, ikambidi aitoe mikono yake kwa chini ya juba ndipo aioshe. Shamu wakati ule ilikuwa nchi ya Warumi, na juba lile lilikuwa mshono wa huko. Hakulivua wala hakulilaumu, alitawadha, akasali. Wale wanaotuambia kwamba kipande fulani cha nguo ndicho "nguo ya Kiislamu" na kingine chochote ni cha makafiri, na waisome Hadithi hii polepole, kisha watuonyeshe dalili yao.

Ama hoja ya kijana, imo katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, ambamo wanadamu waamrishwa wajipambe kila waendapo msikitini, na aya inayofuata yawakemea wale wanaoharamisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake. Tena imo katika Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kwa Ibn Mas'ud, kwamba mtu mmoja aliuliza habari ya mwenye kupenda nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, je, hicho ndicho kiburi? Akajibiwa kwamba sicho; kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Na hoja ya baba imo katika aya ile ile ya 31, kwani baada ya kuamrisha pambo yakataza israfu papo hapo. Mwana alishika mwanzo wa aya, baba alishika mwisho wake, wakawa wanavutana nguo moja.

*Kisa cha tarbushi*

Kabla ya kuendelea na kanzu za Idi, twataka kumpeleka msomaji mbali kidogo, mpaka Istanbul, kwani huko jambo hili la kufuata mishono lilifika mahali pa kumwaga damu, na sisi tuna mengi ya kujifunza kwao.

Kwa karne nyingi kilemba kilikuwa ndicho kivazi cha kichwa cha Waislamu wa dola ya Kituruki, na kwa kilemba mtu alijulikana dini yake, cheo chake na kazi yake. Mwaka 1826 Sultani Mahmud wa Pili aliliangamiza jeshi lake la kale, akaunda jipya kwa namna ya Kizungu, na mwaka 1829 akatoa amri kwamba watumishi wa serikali waache vilemba na wavae tarbushi, ile kofia nyekundu yenye shada. Wakati ule tarbushi lilionekana uzushi. Wapo walionung'unika kwamba Sultani awavua watu Uislamu wao kichwani. Lakini miaka ikapita. Wazee walionung'unika wakafa, watoto wao wakazaliwa wakaliona tarbushi kichwani mwa baba zao, na haikutimia hata miaka mia ila tarbushi limekuwa ndilo alama ya Mwislamu, kuanzia Istanbul mpaka Kairo na India, na hata huku kwetu pwani wako waliolivaa kwa fahari.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Sehemu kubwa ya matarbushi hayo haikushonwa na Waislamu kabisa. Ilitengenezwa katika viwanda vya Austria, na mafundi wa Kikristo. Mwaka 1908, Austria ilipoitwaa Bosnia, watu wa Istanbul walisusia bidhaa za Austria, wakajikuta kwamba katika kususia huko yawapasa kuyatupa matarbushi yao. Alama ya dini yao ilikuwa yanunuliwa kwa adui.

Kisha mwaka 1925 Mustafa Kemal akapiga marufuku tarbushi na akalazimisha chepeo za Kizungu. Watu wakateta tena, safari hii wakililia tarbushi, lile lile ambalo mababu zao walilinung'unikia. Shekhe mmoja, Atif wa Iskilip, alikuwa ameandika kijitabu mwaka 1924 kukataza kuwaiga Wazungu kwa chepeo. Kiliandikwa kabla ya sheria kutoka, na juu ya hivyo alishitakiwa, akanyongwa mwezi wa Februari mwaka 1926. Mwenyezi Mungu amrehemu. Hatutaki msomaji adhani kwamba twamcheka shekhe aliyekufa kwa alilolisadiki. Mwenye kumnyonga mtu kwa sababu ya kofia ndiye wa kulaumiwa, awe amejiita mstaarabu au hakujiita. Amanullah wa Afghanistan naye, mwaka 1928, aliwavisha wajumbe wa baraza lake makoti na chepeo za Kizungu, na kufika Januari 1929 alikuwa ameshatoka katika kiti chake, ijapokuwa si kwa sababu ya chepeo peke yake.

Sasa tazama jinsi mtu wa elimu alivyolitazama jambo hilo hilo kwa utulivu. Mwaka 1903 Waislamu wa Transvaal, Afrika ya Kusini, walimpelekea Sheikh Muhammad Abduh, aliyekuwa Mufti wa Misri, masuala matatu, na moja lilikuwa hili: Waislamu wa huko huvaa chepeo za Kizungu kwa ajili ya kazi zao na maslahi yao, je, yafaa? Sheikh alijibu kwamba mwenye kuvaa chepeo bila ya kukusudia kutoka katika Uislamu hakukufuru, na akiivaa kwa haja, kama vile kujikinga na jua, hapana hata karaha. Baadhi ya watu walimshambulia sana kwa jibu hilo, na magazeti ya Misri yakaandika mengi. Lakini angalia alichokiuliza Sheikh. Hakuuliza chepeo ni ya nani. Aliuliza mvaaji aivaa kwa nini.

Suala hilo, *waivaa kwa nini*, ndilo ufunguo wa somo letu lote.

*Na sisi je?*

Msomaji wa Mombasa, au wa Lamu au Malindi, aweza kusema: hayo ni ya Waturuki, sisi kanzu na kofia ni vyetu tangu asili. Ni vyetu kweli, nasi twavipenda. Lakini navyo vina historia, wala si yote ya kujivunia. Katika karne ya kumi na tisa hapa pwani na Unguja, kofia na viatu vilikuwa alama ya muungwana. Mtumwa hakuruhusiwa kuvivaa mbele ya mabwana zake, akifunga shuka ya merikani, nguo ile nyororo kwa jina na ngumu kwa mwili iliyoletwa na wafanyabiashara wa Kimarekani. Utumwa ulipofutwa, Unguja mwaka 1897 na huku pwani ya Kenya mwaka 1907, walioachwa huru walikwenda moja kwa moja kwa mafundi wa kanzu na kofia. Wakubwa wa wakati ule waliona ni ufidhuli. Sisi leo twaona mtu aliyetaka kuingia msikitini akiwa sawa na ndugu yake. Basi mwenye kusema kwamba nguo ni upuuzi, hazina maana, hakuwauliza wale.

Tangu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (aliyefariki mwaka 1947) alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 hapa Mombasa, habari ya kuwaiga Wazungu bila ya kufikiri imekuwa ikiandikwa na kuandikwa, na hakika ilistahili kuandikwa. Wazee wetu waliziona suruali za kubana za miaka ya 1950, na wengi wetu tulizivaa zile pana za miguuni za miaka ya 1970 zilizofagia vumbi la Makadara. Kila kizazi kimekicheka kilichopita na kukiogopa kijacho. Lakini taklidi haina upande mmoja. Leo hii kijana akifunga tai, yuko atakayemsomea Hadithi ya kujifananisha na kaumu nyingine, na huyo msomaji mwenyewe amevaa kanzu ya kola na mikono ya vifungo kama ya Saudia kwa sababu ameiona kwenye simu. Mwakani atavaa ya Kiomani yenye kishada shingoni, na mwaka wa pili yake ya Kimoroko yenye kofia ya mgongoni. Hakuna ubaya katika moja ya hizo. Waomani ni ndugu zetu, wengine ni damu yetu, na kishada chao wakitia uturi chapendeza. Tunachouliza ni kwamba, yule aliyebadilisha kanzu mara tatu kwa miaka mitatu, amemwiga nani? Maulamaa wameifafanua Hadithi ile kwamba makusudio yake ni kuiga yale yaliyo alama mahsusi ya dini ya wengine na mambo yao maalumu. Haikuwekwa kuwa fimbo ya mfuasi wa mshono mmoja kumpigia mfuasi wa mshono mwingine.

Tutasema na hili, ingawa baadhi ya wenzetu wa darasa hawatafurahi. Katika darasa letu wenyewe uliingia mtindo wa kanzu fupi nyeupe za kitambaa fulani, mpaka kijana mmoja hodari wa kusoma akaacha kuja. Tulimwendea nyumbani kumuuliza. Alisema anayo kanzu moja tu, ya kahawia, na akikaa safuni anahisi kama doa. Hatukumwambia mtu yeyote avae nyeupe, wala hatukuhitaji kusema. Nguo ilisema kwa niaba yetu.

Ama mtindo wenyewe, jinsi uendavyo, si siri. Mwenye kuuza hawezi kuishi kwa kanzu moja idumuyo miaka sita. Kitambaa ni kile kile, mwili ni ule ule. Hubadilishwa jambo dogo lionekanalo kwa mbali, kola, au uzi wa kifuani, au upana wa kiuno, ili ya zamani ijulikane kuwa ya zamani. Tai za Wazungu hufanywa hivyo hivyo, leo pana, kesho nyembamba, kesho kutwa pana tena, na aliyeitunza ile ya kwanza huonekana mwenye busara kwa mwaka mmoja. Hatuwalaumu wauza nguo. Imamu Abu Hanifa mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa, na alijulikana kwa kumwonyesha mnunuzi aibu ya kitambaa kabla ya kumpa. Muuzaji auza, ni juu ya mnunuzi kujua aendea nini sokoni.

*Vazi lako mwenyewe*

Basi wengine walisema darasani: dawa ni mtu kuacha kufuata mishono ya watu na kuwa na mwendo wake mwenyewe. Neno hili ni zuri, lakini lina shimo, na lazima tulionyeshe.

Uingereza palikuwa na mtu akiitwa Brummell, aliyezaliwa mwaka 1778. Wakati wake wanaume wa kitajiri walijitia hariri na darizi na unga wa nywele. Yeye aliyaacha hayo, akavaa koti la rangi ya giza lililokatwa vizuri, shati safi lililofuliwa vyema, na kitambaa cheupe cha shingoni, wala hakuna zaidi. Suti wanayovaa wanaume wa maofisini duniani leo ina asili yake katika mkato ule. Utasema, huyu ndiye aliyekuwa na vazi lake mwenyewe! Naam. Lakini hakuishia hapo. Ilisemekana akitumia saa nyingi kila siku kufunga kitambaa kile cha shingo. Akawa yeye ndiye mtindo, na wakubwa wakawa wakija kumtazama akivaa. Akaingia katika madeni ya kamari na ya anasa, mwaka 1816 akakimbilia Ufaransa kuwakwepa wadai wake, na mwaka 1840 akafa huko Caen, maskini na akili imempotea. Alikataa kuwa mtumwa wa mtindo wa watu, akawa mtumwa wa wake.

Hapa ndipo linapoingia neno la shuhra tuliloahidi kulirejea. Hadithi walioipokea Abu Daud na Ibn Majah kwa Ibn Umar yatoa onyo kali kwa mwenye kuvaa nguo ya shuhra, na maulamaa wamesema kwamba shuhra yaweza kuwa kwa nguo ya thamani kubwa na yaweza kuwa kwa nguo duni mno, mtu akivaa viraka ili aitwe zahidi. Mwenye kusema "mimi sifuati mtindo" na huku anatupa jicho pembeni kuona nani amemsikia, huyo hajatoka sokoni, amebadilisha duka tu.

Sasa basi, vazi la mtu mwenyewe ni lipi? Mwandishi atajibu kwa mfano, kwani hana fasili bora. Utotoni mwetu palikuwa na mzee katika Mji wa Kale ambaye sote tulimjua kwa mbali kabla ya kuuona uso wake. Kanzu yake ilikuwa nyeupe ya pamba, si fupi si ndefu, imefika juu ya fundo la mguu. Juu yake kizibao cha kijivu kwa siku za kazi, na koti la kijivu kwa Ijumaa. Kofia ya kushonwa kwa mkono, ya zile za vito ambazo mshonaji huzikalia wiki nyingi, hata miezi. Na makubadhi aliyoyatia viraka vya ngozi mwenyewe. Alikuwa na kanzu tatu. Kofia alikuwa nazo mbili, na ile ya pili alipewa siku ya harusi yake. Hatukumwona amevaa kitu kipya, wala hatukumwona amevaa kitu kichafu. Alikuwa karani, si tajiri. Siku moja tulimuuliza kwa utoto, "Mzee, mbona wewe huvaa hivi hivi siku zote?" Akatujibu kwamba alipokuwa kijana alijaribu nyingi, akaziona nyingine zamchosha, nyingine zamtia joto, nyingine zamfanya aseme uwongo juu ya mfuko wake, ikabaki hii.

Msomaji atafakari maneno hayo, kwani yamekusanya karibu yote. *Zamchosha*: vazi liafikiane na kazi. Apandaye na kushuka lori, suruali ya kitambaa kigumu na shati ni heshima yake, wala asione haya kuingia nayo kusali Adhuhuri ikiwa ni tohara. *Zamtia joto*: mji wetu una jua na unyevu wa bahari, katika miezi ya kaskazi kitambaa cha nyuzi za viwandani hushika jasho mwilini, na pamba hulinyonya na kuliachia upepo. Kanzu nyingi za fahari ziletwazo sasa ni za nyuzi hizo, kwa sababu hazikunjani na hung'aa dukani. Zilitengenezewa watu wakaao ndani ya baridi ya mashine. Na *uwongo juu ya mfuko* hauhitaji sharhe.

Jambo la nne mzee hakulitaja, lakini alilifanya: alijua fundi wake. Mwenye vazi lake mwenyewe aghalabu ana fundi cherehani ajuaye mabega yake, amwambiaye kwamba mshono huu utamfanya aonekane mfupi, au kwamba kitambaa hiki kitarudi baada ya kufuliwa. Vijana wetu wajua majina ya nchi zilizoshona nguo zao, na hawajui urefu wa mkono wao wenyewe.

Wala wasione vijana kwamba twawahimiza uzee kabla ya wakati wake. Kujaribu ni haki yao. Hata yule mzee alijaribu. Kijana wa miaka kumi na minane hajui bado ni nani, na nguo ni moja ya njia nafuu za kutafuta jibu. Unafuu wenyewe ndio sharti. Mwandishi naye alipokuwa na umri huo alikopa suti ya harusi ya rafiki, kwa duka moja ambalo halipo tena, ya mtindo wa mwaka ule, yenye mabega mapana. Ilikuwa yambana kwapani. Aliivaa mara mbili. Aliilipa kwa miezi saba, na katika miezi hiyo alikuwa akipita njia ya nyuma ili asipite mbele ya duka. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni katika sala yake, na mwandishi alianza kuielewa dua hiyo katika uchochoro ule.

Tulimaliza darasa la tatu, na yule mzazi na wanawe wakaja. Hatukuwapa fatwa, tuliwaambia tu walete kanzu zile za kabatini. Fundi mmoja, mwenzetu wa darasa, akazitandaza juu ya mkeka. Ya mkubwa ilikuwa na upindo wa kutosha kushushwa vidole vinne, akasema kola yake akiibadilisha itakaa kama mpya. Ya mdogo kabisa ilikuwa imembana kweli, mtoto amekua. Huyo fundi alisema ahitaji mpya, na baba akakubali palepale, tena ya kitambaa cha pamba kwa fedha taslimu. Wa kati alishika msimamo wake wa darizi. Ana kibarua cha jioni, akaulizwa kama ana fedha zake, akasema anazo nusu. Babake akamwambia, "Basi tia darizi kola peke yake." Mwana akacheka, akamuuliza fundi kama yawezekana. Fundi akasema yawezekana, na kwamba itapendeza zaidi kuliko ya kifua kizima, kwani yeye ana shingo ndefu.

Yule kijana wa kanzu ya kahawia amerudi darasani. Wawili kati ya waalimu wetu sasa huja na mashati ya kawaida siku za Jumanne, wala hawakuambiana.

Kwa walio na kanzu za kushushwa upindo au kubadilishwa kola kabla ya Idi, wasingoje kumi la mwisho la Ramadhani. Mafundi wetu wakati huo hushika kazi kubwa tu, na ndogo huzirudisha.